Bi Solanji wa Amerat: Kasha Lisilopanguswa

Haya kanihadithia Ghadeer mwenyewe, Jumanne ya wiki jana baada ya alasiri, kwangu Hamriya, hapa Maskati, tumekaa tunatoa kokwa za tende. Kahawa nilimtilia mara mbili na mara mbili ikapoa. Nikamwambia, bibi, mengine tuyawache. Akasema hapana, andika yote, na kosa langu liandike.

Basi naandika.

Sehemu iliyopita tulimwacha Bi Bakhita kapiga magoti katika chumba cha mtumishi, mkono umezama chini ya godoro la Robinah, na macho yamemtoka. Mkono ulikuwa umegusa kitu. Mkono ukatoka.

Ukatoka na daftari.

"Huu hapa!" Bakhita akapiga ukelele. "Mlikuwa mkinitaka ushahidi, ushahidi huu!"

Lilikuwa daftari la shule, la mistari, na kila ukurasa umechorwa mwanamke mmoja. Nywele fupi, koti la mvua, saa kubwa ya kiume mkononi. Hapa anaruka ukuta, hapa kajificha nyuma ya pazia, hapa anamnyooshea mtu kidole. Solange Marnix, yule mpelelezi wa kike wa vitabu vya katuni vya Ubelgiji. Watoto wa nyumba ile wakimwita Bi Solanji.

Kwa aliyekosa sehemu za nyuma: marehemu Thani, mume wa Bakhita, alianza kuvikusanya vitabu hivyo utotoni kwao Bujumbura. Vilifika hamsini na kitu, na mpaka leo huko Ulaya vinachapwa vipya. Alivitia katika kabati la vioo, nyumbani kwake Amerat. Cha kwanza kabisa kilikuwa na mwandiko wa mchoraji mwenyewe, ambao Thani akijisifia tu, hakumwonyesha mtu. Ghadeer, dada wa marehemu, anayekaa Ghubra, alikuja kukiomba hicho kimoja tu, awe nacho cha kumkumbukia kaka. Kabati likafunguliwa. Mahali pake pana pengo.

Na Bakhita akasema kimeibiwa, na aliyeiba ni Robinah, mtumishi wa Kiganda.

"Angemchora vipi mtu asiyemuona?" Bakhita akauliza. Papo hapo akapiga simu kwa ofisi iliyomleta msichana. "Njooni mumchukue. Ndiyo, leo. Baada ya adhuhuri."

Robinah akakaa chini sakafuni, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Banange! Madam, kitabu ya baba mimi sijagusa. Mungu ananiona. Nikirudi Uganda na jina ya mwizi, hakuna ofisi itanichukua tena. Na Mayanja wangu je? Yuko darasa la sita."

"Ungemfikiria Mayanja kabla."

Ilikuwa Jumamosi, saa sita na robo za mchana. Gari ya ofisi itafika saa saba na nusu. Huo ndio muda aliokuwa nao Robinah wa kubaki mtu mwenye jina safi.

Ghadeer akanyoosha mkono. "Nipe hilo daftari, wifi."

"La nini?"

"Nnataka kuangalia picha."

Ghadeer huyu kafanya kazi forodhani, uwanja wa ndege, miaka ishirini na sita. Kapekua mizigo ya watu wa kila kabila. Marehemu kaka yake ndiye aliyempa jina la Bi Solanji kwa utani, na jina likamganda. Bakhita akacheka kwa pua.

"Haya, Bi Solanji. Nyie wa Bujumbura mkijua maneno mawili ya Kifaransa basi mnajiona mmezaliwa nayo."

Ghadeer akafungua ukurasa, akafungua mwengine. Akarudi wa kwanza. Kisha akamwita Muatasim, mtoto wa Bakhita, kijana wa miaka ishirini na saba, ambaye wakati wote huo kasimama mlangoni.

"Muatasim, niletee kitabu kimoja cha baba'ako, chochote. Na kimoja katika vile vyako vya Kiarabu, nilivyokuwa nikikununulia kwenye maonyesho ya vitabu. Viko wapi?"

"Viko humu humu, shangazi. Nilimpa Robinah. Alikuwa anapenda kuangalia picha."

"Ulimpa?" mama yake akamgeukia. "Lini?"

"Zamani, mama. Vimechanika hivyo."

Kweli, viko kwenye boksi, nyuma ya mashine ya kufulia. Ghadeer akaviweka viwili juu ya kitanda, cha Kifaransa na cha Kiarabu.

"Soma picha, mwanangu. Saa iko mkono gani, hapa kwenye cha baba'ako?"

"Kushoto."

"Na hapa kwenye cha Kiarabu?"

Muatasim akainama. Akainua kichwa. "Kulia. Subhanallah. Nimevisoma miaka yote sijaona."

"Kiarabu kinaanzia kulia. Waliokichapa walizipindua picha zote, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ili hadithi ifuate jicho la msomaji. Wa kushoto kawa wa kulia. Sasa fungua daftari la Robinah."

Kulia. Akafungua mbele. Kulia. Akafungua nyuma. Kulia.

"Hakuna hata pahala pamoja saa iko kushoto," Ghadeer akasema. "Huyu kachora kwa vitabu vyako. Vya marehemu hajavitia mkono."

Robinah alikuwa kaziba mdomo kwa mikono miwili.

Mimi ningekuwa pale ningedhani yamekwisha. Wapi! Bakhita hakupepesa.

"Ah, basi kachora kwa Kiarabu, kaiba kwa Kifaransa. Kuchora huku hakumzuii mtu kuiba kule. Au si hivyo, mpelelezi?"

Na neno lake lilikuwa na akili. Ghadeer akakubali.

"Kweli, wifi. Basi tukitafute kitabu."

Akamgeukia Robinah. Forodhani, kanambia, hawakuanza kwa kumuuliza mtu kaficha wapi. Waliuliza lile sanduku ambalo mwenyewe hataki lishikwe.

"Robinah, nyumba hii nani anaipangusa?"

"Mimi, mama."

"Yote?"

"Yote. Juu, chini, mpaka kwa paa, kwa matangi."

"Kitu gani humu ndani hujawahi kukipangusa?"

Msichana akamtazama Bakhita, akatazama chini.

"Sema, mwanangu. Gari inakuja."

"Kasha ya madam. Ile ya misumari ya shaba. Zamani nilikuwa napangusa. Sasa madam alisema khalas, hiyo usishike."

"Tangu lini?"

"Tangu alimaliza eda."

Sasa hapa, wasomaji wangu, ndipo Ghadeer alipokosea. Kanambia mwenyewe nisimfichie.

Maana kwetu mtu akijua jambo la mwenziwe humfuata chumbani. Hufunga mlango, husema kwa sauti ya chini, na kinachotoka mle hutoka kimevaa nguo. Ghadeer alilijua hilo kuliko mimi. Lakini tangu utotoni kasoma vitabu hamsini vya Solange Marnix, na kila kitabu kinamalizika namna moja: watu wote wanakusanywa sebuleni, mpelelezi anasimama katikati, na ukweli unamwagwa mezani.

"Twendeni sebuleni," akasema. "Sote. Muatasim, lete kasha la mama'ako."

"Sanduku la mama, shangazi?" Kijana akapunguza sauti. "Nenda ukazungumze na mama chumbani. Nyinyi wawili. Sisi tutangoja."

"Msichana katukanwa mbele ya watu, atasafishwa mbele ya watu."

Ni maneno ya haki hayo. Sijui mpaka leo niyakosoe vipi.

Kasha likaburutwa mpaka sebuleni, likaacha mstari kwenye zulia. Bakhita alikuwa kakaa kwenye kochi, mikono magotini. Robinah kasimama karibu na mlango wa jikoni, wali unachemka nyuma yake.

"Wifi, ufunguo," Ghadeer akasema.

"Umepotea."

"Tangu lini?"

"Mambo ya nyumba yangu unayauliza wewe? Kaka yako kafa, nyumba sasa yangu na wanangu. Mnakuja kutoka Ghubra kunipekua kama abiria!"

"Huo uzi shingoni una nini?"

Bakhita akashika shingo. Muatasim akageuza uso ukutani.

Halafu Bakhita akauvuta ule uzi, ukakatika, akaurusha ufunguo mpaka miguuni mwa Ghadeer.

"Haya. Fungua, Bi Solanji. Fungua watu waone."

Ghadeer akafungua. Juu pana nguo nyeupe za eda, zimekunjwa, Bakhita hakuzitoa sadaka kama wanavyofanya wenziwe. Chini ya nguo pana shuka ya sala. Ndani ya shuka, kitabu.

"Wallah! Wallah!" Robinah akapiga makofi, akalia, akacheka, vyote pamoja. "Mama Ghadeer, Mungu akupe maisha! Mimi si mwizi! Mmeona? Si mwizi!"

"Nimeona mimi, na ameona Muatasim, na ameona mwenyewe aliyekuita mwizi," Ghadeer akasema.

Kifua kimemjaa. Kanambia alijiona kabisa yumo ndani ya ukurasa wa mwisho. Akakifungua kitabu alichokililia, akaona mwandiko wa mchoraji kwa wino wa buluu, na bila ya kuusoma kwanza kwa macho, akaanza kuusoma kwa sauti, akiugeuza Kiswahili hapo hapo, kama alivyokuwa akiwasomea watoto wa nyumba ile zamani.

"'Kwa Thani, msomaji wangu wa Bujumbura, aliyenipenda kabla sijajulikana. Na kwa Ibtihal, bibi harusi wake. Fungate yenu iwe...'"

Akanyamaza.

"Iwe nini?" Bakhita akauliza.

"Wifi..."

"Iwe nini? Soma. Mimi sijui Kifaransa. Msomee na mtoto wake asikie baba'ake kaandikiwa nini."

"Ibtihal nani?" Muatasim akauliza.

Akakichukua kitabu mkononi mwa shangazi yake. Kifaransa hajui, lakini majina anayajua, na tarehe anazijua. Brussels. Mwezi wa tano, mwaka elfu mbili na tisa.

"Mwaka huo mimi nilikuwa skuli," akasema polepole. "Baba alikwenda semina ya wizara. Aliniletea chokoleti."

"Na mimi aliniletea kitenge," Bakhita akasema. "Kizuri. Nnacho mpaka leo."

Ghadeer alikuwa hajui. Kaapa kwangu mara tatu, na mimi nnamsadiki.

"Ulijua lini, wifi?"

"Wiki ile niliyotoka edani. Nikasema nilisafishe kabati lake kwa mkono wangu, nimuenzi. Kikaanguka, kikafunguka. Nikaona jina la mwanamke. Nikauelekezea simu ule mwandiko, simu ikanitafsiria, ikanisomea. Sauti ya mwanamke, tena nzuri. 'Bibi harusi wake.' Nikairudisha tena. 'Bibi harusi wake.' Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani kwa ajili yake, nyeupe mwilini, sijapaka hata mafuta mazuri. Kumbe nnakaa eda nusu."

"Ungenambia mimi."

"Nikwambie wewe! Dada mtu! Ili uende Ghubra ukanicheke na Wabujumbura wenzako?"

"Na huyu msichana wa watu kakukosea nini?"

Bakhita akamtazama Robinah kama ndiyo kwanza amuone.

"Hajanikosea. Wewe ulikuja ukakitaka kitabu. Nikupe ukasome? Nikasema kimeibiwa. Ukishasema kimeibiwa watu wanakuuliza, nani? Ulimi ukenda kwa aliye karibu."

"Na ukapiga simu ofisini."

"Mbele yenu nilipiga. Nyuma yenu ningepiga tena, nikawaambia wasije, nimemsamehe. Kesho kutwa ningesema kimeonekana nyuma ya kabati, ukurasa wa mwanzo umeliwa na mchwa. Ningeukata ukurasa mmoja tu, Ghadeer. Ukurasa mmoja. Ungepata kitabu chako, na yeye angebaki na kazi yake, na mwanangu angebaki na baba yake." Akapangusa pua kwa pembe ya mtandio. "Siku mbili nilikuwa nnazitaka. Siku mbili umeshindwa kunipa."

Honi ikalia nje.

Saa saba na nusu kamili. Watu wa ofisi, siku unayotaka wachelewe hawachelewi.

Aliyeingia anaitwa Aws, kijana wa ofisi, kanzu ya dishdasha imenyooka, faili kwapani. Akasalimia, akaona kasha lililofunguka, akaona nyuso, akabaki karibu na mlango.

"Mama, tumeambiwa kuna wizi."

Ghadeer akatangulia. "Hakuna wizi, mwanangu. Kitabu kimeonekana. Ilikuwa makosa. Nenda zako salama, samahani kwa kukusumbua."

"Mama mwenye nyumba?" Aws akauliza.

Bakhita akasimama. Akajifunga mtandio vizuri.

"Kama alivyosema. Msichana hakuiba. Andika hapo, hakuiba, kitabu kilikuwa kwangu. Andika kwa herufi kubwa nitie saini."

Aws akaandika. Bakhita akatia saini. Robinah akampigia magoti, kwa heshima ya kwao, mpaka chini.

"Asante, madam. Asante sana. Mimi sina kinyongo. Narudi jikoni, wali usiungue."

"Wali nitauepua mimi. Kafunge begi."

"Madam?"

"Aws, mchukue. Umpeleke kwao. Sitaki abaki Maskati hii."

Robinah hakuinuka. "Madam, umesema sikuiba. Umeandika. Sasa naenda kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la kusikia."

Hivyo tu.

"Mama," Muatasim akasema, "haramu hiyo."

"Haramu? Muulize baba yako haramu ni nini. Watumishi wa mtaa huu wanazungumza kwenye mapaa, wakianika nguo. Ijumaa moja haitapita, Amerat nzima itajua mke wa Thani kaishi miaka kumi na tano na mke mwenziwe na hajui."

"Mimi sitasema kitu, madam. Naapa kwa mtoto wangu."

"Najua hutasema. Lakini kila asubuhi utaniwekea chai, na mimi nitakuona unajua."

Ghadeer akasimama katikati yao. "Basi nnamchukua mimi. Ghubra, kwangu. Hatakuona wala hutamuona. Nipe saini ya kumhamisha."

"Kalamu imekwisha wino."

"Wifi, kwa haki ya marehemu."

"Marehemu!" Bakhita akacheka, na kicheko hicho, Ghadeer anasema, kingekuwa kilio angekiona chepesi. "Kamuombee saini Ibtihal. Na yeye ni mke wa marehemu."

Aws akatazama saa. Akasema, kwa adabu, kwamba bila ya saini ya mwenye mtumishi yeye hana la kufanya.

Robinah alifunga begi lake kwa muda mfupi kuliko ninavyoliandika. Ghadeer akamfuata chumbani, akataka kumkunjia nguo, msichana akazichukua mikononi mwake bila ya ukali.

"Wacha, mama."

"Mwanangu, nilitaka usafike mbele ya watu."

"Nimesafika." Akavuta zipu. "Mama Ghadeer, wewe ni mwerevu sana. Saa ya kulia, saa ya kushoto, mimi mwenyewe sikuona. Lakini si ungemwita tu chumbani? Ungemwambia polepole. Angelia, angenitukana kidogo, yangekwisha. Mwizi anasamehewa, mama. Nimeona hapa hapa, mama Muhsina wa jirani alimsamehe mtumishi wake. Mimi sasa umenifanya shahidi. Nani anaweka shahidi kwa nyumba?"

Ghadeer akainama, akaokota soksi iliyoanguka, akaiweka juu ya begi.

"Daftari yangu," Robinah akasema.

Muatasim akamletea, pamoja na boksi la vile vitabu vya Kiarabu. Akachukua daftari. Boksi akaliacha.

Gari ikaondoka, ikapanda mlima kuelekea mjini.

Wali uliungua. Aliyesema atauepua hakuukumbuka. Hakuna aliyeuliza chakula. Muatasim alikichukua kile kitabu akaingia nacho chumbani kwake, akafunga mlango kwa ufunguo. Ghadeer alipokwenda kusikiliza, baada ya nusu saa, akasikia anakoroma, mkoromo mzito wa mtu aliyelia.

Bakhita alilala pale pale juu ya zulia, ubavuni mwa kasha, mkono mmoja umeingia ndani kwenye nguo nyeupe. Ghadeer akamfunika kwa shuka ya sala. Hakumuamsha, na hakuthubutu kumtazama sana.

Mchana wa Amerat unaujua: mabati yanalia kwa jua, mitaa mitupu, kila nyumba imezima. Ghadeer akatoka mpaka garini, akashika usukani, akauachia. Njia ya mlimani hataiweza hivyo. Akarudi ndani, akajinyoosha kwenye kochi la sebuleni, viatu miguuni. Akampigia Robinah mara moja. Simu imezimwa. Akampigia Aws. Hapokei. Akajiambia atafumba macho kidogo tu, kisha atakwenda mwenyewe ofisini, hata kama ni kwa kupiga magoti.

Akaiziba simu sauti, akaiweka kifuani kifudifudi. Ujumbe uliingia wakati ule ule, na taa yake ikawaka juu ya kitambaa cha nguo, pale ambapo hawezi kuiona.

"Mama Ghadeer, hapa ofisini kuna mama mmoja ananingoja. Anajua jina langu. Anajua na yako. Amesema nisipande ndege, na amesema nikuulize kama kitabu mmekisoma mpaka mwisho. Anaitwa Ibtihal."

Ghadeer akavuta pumzi ndefu, akageuka ubavu, akalala.